Gofu, hame au kaya? Tunavyoiita miji ya kale ya pwani ndivyo tunavyoitunza

MIAKA michache kabla ya janga la Korona, niliwapeleka wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza Gede, katika Kaunti ya Kilifi. Tulishuka kwenye basi pale njiapanda ya kuelekea Watamu, jua likiwa limeshaanza kuchoma, tukaingia msituni. Waliowahi kufika huko wanajua. Ukishapita lango, kelele za bodaboda na tuktuk hupotea ghafla, ukabaki na milio ya kima, mibuyu mikubwa, na kuta za matumbawe zilizosimama bila paa kwa mamia ya miaka.

Kiongozi wetu, kijana mchangamfu, alitutembeza kutoka nyumba hadi nyumba. Hii ni Nyumba ya Mkasi. Hii ni Nyumba ya Sarafu za Kichina. Ile pale ni Nyumba ya Kisanduku cha Pembe za Ndovu. Ndipo msichana mmoja, ambaye darasani huwa hasemi kitu, akainua mkono.

"Profesa, mwenye nyumba aliitwa nani?"

Kiongozi alinitazama, nami nikamtazama yeye. Majina yale yalitolewa na James Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimbua Gede mnamo 1948. Alipochimbua nyumba akakuta mkasi, aliiita Nyumba ya Mkasi. Alipokuta sarafu kutoka Uchina, aliiita kwa sarafu hizo. Mkasi ukapata jina katika historia, mwenye mkasi akakosa.

Mnamo Julai 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi, UNESCO iliuingiza mji wa Gede katika orodha ya Turathi za Dunia. Tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu ya kushangilia. Lakini cheti cha kimataifa hakijajibu swali la mwanafunzi wangu. Wala hakijajibu swali jingine lililojificha nyuma yake: maeneo haya ya kale yaliyo mashambani, hatua chache tu kutoka kwa fuo zilizojaa hoteli hadi pomoni, tunataka kuyafufua kwa ajili ya nani?

Makala haya yanadai kwamba jibu limo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili na lugha ndugu zake za pwani zina maneno matatu yanayoweza kutumiwa kuhusu mahali pa kale pasipokaliwa tena: gofu, hame na kaya. Wengi wetu huyatumia kana kwamba yanakaribiana. Ukweli ni kwamba kila neno lina namna yake ya kutazama, na kila namna ya kutazama ina sera yake.

Maneno matatu

Tuanze na gofu. Gofu ni jengo lililochakaa, likabomoka, likabaki kiunzi. Mtu aliyekonda kwa maradhi hadi akabaki mifupa, Waswahili humwita gofu la mtu. Neno hili basi hutazama ukuta. Halina habari na aliyekaa ndani wala alikokwenda. Na hili ndilo neno tulilolichagua kwa mabango, kwa vitabu vya shule na hata kwa mazungumzo: Magofu ya Gede, Magofu ya Mnarani, Magofu ya Mtwapa.

Neno la pili ni hame, ambalo zaidi hutumika kwa wingi, mahame. Limetokana na kitenzi kuhama. Mahame ni mahali watu walipohama. Ukilisikia neno hili, huwezi kukwepa maswali: Nani alihama? Kwa nini? Alikwenda wapi? Wajukuu wake wako wapi leo? Ni neno zuri mno kwa mwanahistoria, na ni ajabu kwamba tumeliacha likachakaa kamusini.

Neno la tatu ni kaya. Katika Kiswahili cha leo, hasa katika sensa na takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini kwa ndugu zetu Wamijikenda, kaya ni nyumbani. Mgiriama au Mdigo anayekwambia anarudi kaya anarudi kwao. Neno hilohilo ndilo linalotaja vijiji vya kale vyenye ngome, vilivyozungukwa na misitu mizito, ambavyo mababu wa Wamijikenda walianza kuvijenga tangu karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu hawakuwa wakilala tena ndani ya kaya hizo. Hata hivyo, hakuna aliyeziita magofu. Ziliendelea kuitwa nyumbani, zikaendelea kutunzwa na wazee, na mnamo 2008 UNESCO ikaorodhesha baadhi ya misitu hiyo, iliyotapakaa kwa umbali wa kilomita 200 hivi kandokando ya pwani.

Jinsi mji ulivyogeuzwa gofu

Gede haikuzaliwa gofu. Ilifanywa gofu hatua kwa hatua, na hatua zenyewe zinajulikana. Mnamo 1884 John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika pale. Mnamo 1927 serikali ya kikoloni ikatangaza eneo hilo kuwa la kihistoria. Kuanzia 1948, Kirkman akaja na majembe yake. Alifyeka, akachimba, akaimarisha kuta, akaandika. Bila kazi yake huenda tusingekuwa na cha kuonyesha leo, na sina nia ya kumshusha hadhi.

Lakini kitabu alichokitoa mnamo 1954 kuhusu uchimbuzi wa msikiti mkuu alikiita "The Arab City of Gedi", yaani mji wa Kiarabu wa Gede. Hukumu ilitolewa kwenye jalada, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Mgiriama aliyekuwa akilima mihogo nje ya ukuta aliambiwa, kwa njia ya heshima ya kitaalamu, kwamba mji ule haukumhusu. Mswahili wa Malindi aliambiwa kwamba ulimhusu iwapo tu angeweza kuthibitisha nasaba ya ng'ambo. Fikra hii haikuwa ya Kirkman peke yake. Ndiyo iliyotawala wakati ule: ati palipo na jiwe, msikiti na choo cha ndani, lazima pawe na mgeni aliyevijenga.

Utafiti uliofuata umeipinda fikra hiyo hadi ikavunjika. Wanaakiolojia wa baadaye waligeukia kile ambacho jicho la gofu halikioni, yaani nyumba za udongo. Wengi wa wakazi wa miji ya kale ya Waswahili waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo hazikuacha kuta. Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili, alionyesha jinsi miji hii ilivyokua kutokana na jamii za hapahapa, zilizohusiana na bara kama zilivyohusiana na bahari.

Mnamo 2023 ushahidi mwingine ulitoka kwenye mifupa yenyewe. Kusimba na wenzake walichapisha uchunguzi wa chembechembe za urithi za watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya pwani kati ya takriban 1250 na 1800, ikiwamo Mtwapa, Manda na Faza hapa Kenya, na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania. Matokeo yalikuwa ya kupendeza kwa sababu hayakumridhisha mshabiki wa upande wowote. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya nasaba ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na sehemu kubwa ya nasaba iliyobaki ilikuwa ya Uajemi, hasa kwa upande wa akina baba. Uchanganyikaji huo ulianza yapata mwaka 1000. Kwa maneno mengine, mgeni alikuja, akakaribishwa, akaoa, akazaa, na watoto wake wakasema lugha ya mama zao. Lugha hiyo ndiyo unayoisoma sasa hivi.

Basi kama mji ni wa akina mama wa hapa, kwa nini bado tunautembeza kama mali ya wapita njia?

Nani alihama, na kwa nini?

Hebu sasa tutumie neno hame, tuone litatufikisha wapi.

Kuhusu Gede, wataalamu hutaja sababu kadhaa za kuhama. Mnamo 1589 Wazimba walipita pwani hii wakiacha maafa. Mnamo 1593 mtawala wa Malindi, aliyekuwa rafiki wa Wareno, alihamia Mombasa, mwaka uleule ujenzi wa Fort Jesus ulipoanza, na Malindi pamoja na vitongoji vyake ikapoteza nguvu. Maji ya visima yalizidi kwenda chini. Waoromo nao walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Inaelezwa kwamba jina Gede lenyewe ni la Kioromo, na kwamba maana yake ni kitu cha thamani. Tazama maajabu ya historia: anayelaumiwa kwa kuwahamisha watu ndiye aliyepaita mahali hapo kwa jina la kupendeza.

Kuhusu Takwa, katika kisiwa cha Manda, kisa ni cha maji. Visima viligeuka chumvi katika karne ya 17, wakazi wakavuka mkono wa bahari hadi Shela, kisiwani Lamu.

Lakini si kila aliyehama alihamishwa na kiu au na vita vya zama za kale. Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ina kisa kingine. Mekatilili wa Menza na wenzake waliitumia kaya hiyo kuwalisha watu viapo vya kupinga kodi na kazi ya kulazimishwa. Mekatilili akakamatwa mnamo 1913, akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. Agosti 1914, Waingereza wakailipua kaya kwa baruti. Sasa niambie, msomaji: mahali palipolipuliwa kwa baruti patasemwa "paliachwa"? Neno kuachwa linamficha aliyewasha utambi.

Kulikuwa pia na baruti isiyotoa mlio. Mnamo 1908 utawala wa kikoloni ulipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi katika ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Aliyeweza kudai ardhi kama mali yake binafsi, kwa hati au kwa mashahidi waliotambulika, alisajiliwa. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, wengi walibaki nje ya daftari. Ndipo likazaliwa neno ambalo pwani yetu inalijua kwa uchungu: maskwota. Watu walioishi jirani na kaya na miji ya kale kwa vizazi wakaitwa wavamizi katika ardhi walikozikwa babu zao.

Msururu huo ndio unaoeleza kwa nini ufuo umejaa na shamba limesahauliwa. Ploti za kando ya bahari zilikuwa na hati, zikauzwa, zikauzwa tena, zikazungushiwa kuta. Nyuma ya barabara kuu hapakuwa na hati, kwa hivyo hapakuwa na mwekezaji, na mahali pa kale pakabaki na nyasi, nyoka na askari mmoja wa lango.

Ufuo uliolemewa

Anayetaka kuona tofauti hii kwa macho na aende Mtwapa usiku wa Jumamosi, kisha arudi Jumapili asubuhi. Mtwapa ya usiku inajulikana nchi nzima kwa baa na muziki. Umbali mfupi kutoka hapo, kando ya bahari, pana Jumba la Mtwana, mji uliojengwa katika karne ya 14, wenye misikiti minne na nyumba kadhaa ambazo bado unaweza kuzitambua vyumba vyake. Jina lenyewe, jumba la mtumwa, ni hadithi inayosubiri kusimuliwa. Ni wangapi kati ya wale maelfu wa Jumamosi usiku waliowahi kukanyaga pale?

Diani ni vivyo hivyo. Mgeni hushuka uwanja wa ndege, hubebwa kwa gari la hoteli, hula humo, hulala humo, huchezewa ngoma humo, kisha hurudishwa uwanjani. Gharama yote aliilipia kabla ya kutoka kwao. Mwenye nazi wa Ukunda humwona akipita nyuma ya kioo. Kisiwani Chale, kusini mwa Diani, hoteli ya watalii imejengwa palipokuwa kaya ya Wadigo.

Isitoshe, utalii wa namna hii ni dhaifu. Machafuko ya Likoni mnamo 1997, shambulizi la Kikambala mnamo 2002, maonyo ya usafiri mnamo 2014, Korona mnamo 2020: kila mara hoteli zilifunga milango na maelfu ya watu wakarudi makwao mikono mitupu. Pwani inayotegemea mchanga na jua pekee inashindana na kila nchi yenye mchanga na jua.

Kibaya zaidi, ufuo haukuisahau tu turathi ya mashambani. Uliinyonya. Vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliofariki, viling'olewa usiku katika miongo ya 1970 na 1980, vikauzwa katika maduka ya vinyago ya miji ya watalii na hatimaye vikaishia katika majumba ya makumbusho Marekani. Viwili vilirudishwa mnamo 2007. Vingine 30 vilirudi mnamo 2019 kutoka jumba la makumbusho la Denver. Kwa aliyevinunua vilikuwa sanaa. Kwa mwenyewe vilikuwa babu.

Nyumba isiyolalwa

Nimesema mabaya ya kutosha. Yapo mazuri pia, na yote yanafuata mantiki ya neno kaya: hapa ni nyumbani, hata kama hakuna anayelala.

Kaya Kinondo iko Kwale, karibu na hoteli za Diani na Galu. Ni msitu mdogo wa hekta 30 hivi. Tangu 2001 wenyeji wameufungua kwa wageni, lakini kwa masharti yao. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Hakuna kofia, hakuna kubusiana, hakuna kuokota hata jani la kupeleka nyumbani. Kuna sehemu ambazo mgeni hazioni kabisa. Anayekuongoza ni mwana wa kijiji, na anapokueleza dawa ya mti fulani anakueleza alichofundishwa na bibi yake. Kinondo haikufufuliwa kwa kujengewa kitu. Ilifufuliwa kwa kuachiwa mwenye nyumba afungue mlango mwenyewe.

Takwa nayo haina wakazi tangu karne ya 17, lakini mara mbili kwa mwaka watu wa Shela huvuka bahari kwenda kuomba dua katika kaburi lenye mnara, ambalo maandishi yake ni ya 1681 au 1682 Miladia. Leo Shela imejaa nyumba za kifahari za wageni kutoka Ulaya. Bado dua inasomwa. Mahali panapoombewa dua na wajukuu wa waliohama, papo hai.

Hata Gede ina somo lake. Kandokando yake kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita mraba 420 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu walitamani ukatwe wapate mashamba. Tembo na nyani walikuwa wakiwamalizia mazao. Mnamo 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao palepale Gede. Wakulima hulea viwavi hadi vinapojifunga ndani ya ganda, kisha maganda hayo husafirishwa hadi Ulaya na Marekani katika nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mkulima aliyeona msitu kama adui akaanza kuona kila mti uliokatwa kama mfuko uliotoboka. Mradi huu haukumhubiria mtu uzalendo. Ulimpa jirani sababu ya kuamka asubuhi.

Pingamizi mbili

Kuna watakaoniuliza: Profesa, huoni kwamba ukiwaleta watalii mashambani utahamisha tu balaa la ufuo? Ni swali la haki. Cheti cha 2024 kinaweza kuleta kwa Gede kile ambacho Diani inakijua: madalali wa ardhi, kuta, na bei ya ploti inayomfukuza mwenyeji. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Haki ya jirani kwanza, mgeni baadaye. Kinyume cha hapo ni kuongeza hoteli nyingine yenye kuta za kale.

Wengine watasema kwamba kaya ni ushirikina. Hapa sina budi kusema jambo zito. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa ardhi ya urithi. Kijana anafundishwa kwamba mvi ni dalili ya uchawi, na mzee anaikimbia nyumba yake akiwa na majina yote ya ukoo kichwani. Msomaji anaweza kuwa Mwislamu au Mkristo asiyeamini matambiko. Hiyo ni haki yake. Lakini hatuwezi kuweka bango la Turathi ya Dunia huku tukiwazika kwa panga wale wanaoijua turathi hiyo. Usalama wa wazee ni suala la haki za binadamu kwanza, na pia ndio msingi wa uhifadhi wowote wa historia hapa pwani.

Tufanye nini?

Mosi, turudishe majina. Bango la Gede na la Mnarani liandikwe kwanza kwa Kiswahili na Kigiriama, na la Kinondo kwa Kiswahili na Kidigo, kisha lugha nyingine zifuate. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinailazimu serikali kukuza lugha za kiasili; sijui mahali panapofaa zaidi kuanzia. Vijana wa Watamu na Malindi wanazungumza Kiitaliano cha kuvutia kwa sababu kinawapa ugali, na siwalaumu. Tuwape ugali pia kwa kusimulia kwa lugha zao. Idara za Kiswahili na historia, tukianzia Chuo Kikuu cha Pwani kilicho Kilifi penyewe, ziwatume wanafunzi kurekodi simulizi za majirani wa kila hame kabla hazijazikwa.

Pili, tusuluhishe ardhi. Jirani asiye na hati hawezi kulinda mpaka wa turathi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kama atakuwapo mwaka ujao. Wakazi wa kandokando wapewe hatimiliki, na ardhi inayozunguka maeneo haya itengwe waziwazi dhidi ya ujenzi holela kabla madalali hawajafika.

Tatu, tugawane madaraka na mapato. Jedwali la Nne la Katiba limebakisha makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Limezipa kaunti majumba ya makumbusho, katika orodha ileile iliyo na kamari, leseni za vileo na fuo. Wacheke wanaotaka kucheka, lakini orodha hiyo ina maana: anayetoa leseni ya baa ya Mtwapa ndiye huyohuyo mwenye jukumu la utamaduni. Sehemu ya ada za ufuo na itengeneze njia ya kwenda kwenye mahame, na sehemu inayojulikana ya kiingilio ibaki kijijini, itangazwe barazani, kila mtu asikie ni shilingi ngapi na zimefanya nini.

Nne, tubadili neno. Najua watu wataniona mwalimu wa lugha anayevutia kwake. Lakini siku tutakapowafundisha watoto wa shule kusema mahame badala ya magofu, tutakuwa tumewalazimisha kuuliza nani alihama. Na siku jirani wa Gede atakapoweza kupaita kaya bila kuonekana kichekesho, kazi itakuwa imekwisha nusu.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Tulipotoka langoni siku ile, alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza madafu chini ya mwembe. Nilimfuata, kwa sababu nilijua anakwenda kuuliza nini.

"Shikamoo mama. Wewe ni wa hapahapa?"

"Marahaba mwanangu. Nimezaliwa pale," akaonyesha kwa upanga wake wa madafu.

"Huko ndani, mwajua palikuwa pa nani?"

Yule mama alikata dafu, akampa, akafikiri kidogo. "Majina siyajui. Mama yangu alikuwa akinituma kuni kule, lakini alinikanya kila siku. Usiingie kwa makelele, wala usijisaidie humo. Humo mna wenyewe."

Mwanafunzi wangu aliandika maneno hayo matatu daftarini. Ndani ya uzio, kwa saa mbili nzima, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametuambia hivyo.